Mji kujiuzia kiwanja chake wenyewe kwa bei ya soko: hii imekaaje wakuu?

#1 Ndala Nyekundu
Wakuu salaam. Nipo California, mji mdogo wa Bonde la Kati. Jina naliacha, Wabongo huku tunahesabika, mtanijua. Jumanne nilikwenda kikao cha madiwani kulalamikia taa ya barabarani iliyokufa mtaani kwetu. Kabla sijaitwa ikaja ajenda: mji unanunua kiwanja cha uliokuwa wakala wa uendelezaji upya (redevelopment), kwa bei ya soko.

Kiwanja nakijua, nakipita kila siku nikienda kazini. Kipo kwenye kona, fensi ya waya, magugu ya kiunoni, na sakafu ya zege ya duka lililovunjwa zamani. Pembeni pale palipokuwa na choo vigae vya kijani bado vimeganda.

Sasa sinema yenyewe. Meya akagonga nyundo, akasema kikao cha madiwani kimesimama, tunafungua kikao cha wakala mrithi. Watu ni walewale watano! Hakuna aliyehama kiti. Katibu akaita majina upya, wakaitika upya. Wakapiga kura KUUZA. Nyundo tena, wakarudi kuwa madiwani, wakapiga kura KUNUNUA. Haikufika dakika sita. Bibi mmoja wa Kimexico aliyekaa jirani yangu akaniangalia, nami nikamwangalia.

Swali: mtu anajiuziaje mali yake? Na hizo hela anapokea nani?

#2 Chumvi Nyingi
Mfuko wa kushoto unalipa mfuko wa kulia. Hapo katikati yuko mtu anakula. Kwani wewe umetoka Afrika lini?

#3 Kitasa
Naweka mkeka, waje wajuzi.

#4 Kalamu ya Risasi
Chumvi, mfuko wa kulia si wake, na hapo ndipo penye mchezo. Nipo Sacramento, makao makuu ya jimbo, hesabu za serikali za mitaa ndizo zinazonilisha.

Tangu 1945 California ilikuwa na sheria ya kuruhusu miji kuunda wakala wa kuendeleza maeneo yaliyochakaa. Mwaka 1952 wapigakura wakaruhusu namna ya kuwalisha hao mawakala. Eneo likitangazwa, kodi ya majengo inagandishwa pale ilipo siku hiyo. Shule, kaunti, wazima moto, wote wanaendelea kupata kiwango kile kile cha siku ya kugandisha. Thamani ikipanda, kodi ya lile ongezeko inakwenda kwa wakala. Miaka 30, 40, wakala anakamua tu.

Kufikia 2011 walikuwepo karibu 400 na walikuwa wanachukua kama 12% ya kodi ya majengo ya jimbo zima. Jimbo lina nakisi ya dola bilioni 25 hivi. Gavana Jerry Brown akasema huu mrija naukata.

Wakala walipokufa waliacha madeni, na viwanja. Vikawekwa chini ya "wakala mrithi", ambaye kisheria ni mtu mwingine kabisa, japo wanaokalia viti ni madiwani hao hao. Kazi yake ni kama ya msimamizi wa mirathi: lipa madeni, uza mali, gawa. Pesa ya mauzo inapelekwa kwa mkaguzi wa hesabu wa kaunti, naye anawagawia wote wanaokula kodi ya majengo, shule zikiwemo. Mji ukijipa kiwanja bure, umewadhulumu warithi wenzake. Ndiyo maana bei ya soko.

#5 Ndala Nyekundu
Ahsante Kalamu. Kwa hiyo mji ni msimamizi wa mirathi, tena ni mmoja wa warithi, tena ndiye mnunuzi?

#6 Kalamu ya Risasi
Umeelewa kuliko madiwani wengine.

#7 Mzee wa Mikocheni
Marekebisho kidogo hapo #4. Brown hakukata peke yake. Alisaini Juni 2011 sheria mbili: moja ya kuwaua mawakala, ya pili ya kuwaruhusu waishi wakikubali kulipa. Miji ikakimbilia Mahakama ya Juu ya jimbo kuzipinga zote mbili. Tarehe 29 Desemba 2011 mahakama ikasema ya kuua ni halali, ya kuwaacha waishi ni batili. Yaani miji ilikwenda kuomba dawa ikarudishiwa maiti. 1 Februari 2012 wakafutika wote.

Na mjue Brown huyo huyo alikuwa meya wa Oakland 1999 hadi 2007, na redevelopment aliitumia vizuri tu kuleta nyumba katikati ya mji. Aliyelamba asali ndiye aliyeuziba mzinga.

#8 Chumvi Nyingi
Mzee heshima yako. Lakini swali langu halijajibiwa. Bei ya soko anaipanga nani? Kama muuzaji na mnunuzi wanakalia kiti kimoja, mthamini naye ataletwa na nani kama si wao?

#9 Futikamba
Mimi ni mthamini, Dodoma, nilisomea huko nje kidogo. Niingie hapo.

Bei ya soko maana yake ni bei ambayo muuzaji anayetaka kuuza na mnunuzi anayetaka kununua wangekubaliana, wote wana taarifa, hakuna aliyebanwa. Mthamini anatafuta mauzo ya viwanja vinavyofanana hapo jirani, anasawazisha ukubwa, kona, barabara, halafu anauliza: kwa mipango miji iliyopo, matumizi gani yenye faida kubwa yanaruhusiwa hapa? Kiwanja kimoja kikithaminiwa kama paking kina bei yake, kikithaminiwa kama ghorofa sita ni hadithi nyingine.

Mchezo, kama upo, upo hapo. Hana haja ya kughushi chochote. Anachagua tu viwanja vipi vya kulinganisha navyo.

Ndala, hilo duka lililovunjwa lilikuwa la nini? Kama ilikuwa sheli au dobi anayefua nguo kwa dawa bila maji (dry cleaner), udongo unaweza kuwa na sumu, na gharama ya kusafisha inakatwa kwenye bei. Kuna viwanja vya namna hiyo bei yake halali inakaribia sifuri.

#10 Ndala Nyekundu
Wazee wa hapa wanasema palikuwa na dobi!!

#11 Futikamba
Basi usilalamike sana wakisema bei ni ndogo.

#12 Bi Mkubwa wa Pugu
Hamjambo wanangu. Naona mnasema bei ya soko kama mnasema jua. Mie niwape ya kwetu.

Mwaka 1994 shamba la baba lilichukuliwa, ofisi siitaji. Akaja kijana na daftari na kopo la rangi nyeupe. Kila mnazi anaandika namba kwenye shina, anauliza huu unazaa? Baba anamwambia unazaa. Huu? Huu mchanga. Akaandika minazi, akaandika miembe, akaandika kibanda cha kuku. Akafunga daftari. Baba akamuuliza, na ardhi je? Yule kijana akasema mzee, ardhi haina bei.

Minazi ile mingine ilikaa miaka na namba zake. Nilipita pale nikiwa na ujauzito wa pili, 47 bado inasomeka.

#13 Futikamba
Bi Mkubwa shikamoo. Yule kijana hakukudanganya, ndiyo ilikuwa sheria. Kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999 Tanzania ilifidia maendelezo tu, yaani mti, nyumba, mazao. Ardhi tupu ilihesabiwa haina thamani. Sheria namba 4 ya 1999 ndiyo iliyosema ardhi ina thamani, na fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zikaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri, kodi ya pango ya miezi 36, na riba fidia ikichelewa zaidi ya miezi sita. Kulipwa kwa wakati ni mada nyingine.

#14 Bi Mkubwa wa Pugu
Marahaba. Baba alikufa 1998.

#15 Kitasa
Dah.

#16 Mti Mkavu
Pole Bi Mkubwa. Lakini wadau tusichanganye. Kesi ya Bi Mkubwa ni serikali kumchukulia raia. Kesi ya mleta mada ni ofisi ya umma kununua kutoka ofisi ya umma. Hakuna aliyeonewa hapo.

#17 Sista Oakland
Mti Mkavu, unadhani hao mawakala viwanja waliviokota? Vingi walivipata kwa nguvu ya utwaaji, yaani kuchukua kwa lazima, kutoka kwa watu. Nenda San Francisco mtaa wa Fillmore uulize. Palikuwa na maduka, klabu za jazi na makanisa ya watu weusi. Wakala wa mji akatangaza pamechakaa, akapitisha tingatinga miaka ya 50 na 60, maelfu ya watu wakaondolewa, na baadhi ya viwanja vikakaa vitupu miaka mingi. Waliotolewa walipewa vyeti vya kupewa kipaumbele kwenye nyumba mpya. Vyeti hivyo bado vipo na siku hizi hata wazao wao wanaweza kuomba.

Los Angeles nao walisafisha mlima mzima, Bunker Hill, wakaushusha, na vipande vyake vingine vikawa paking kwa miongo.

Kwa hiyo mimi nikisikia mji "unanunua kwa bei ya soko" nauliza, yule wa kwanza alilipwa bei ya soko ipi? Ya kabla hamjatangaza kwamba kwake ni uozo, au ya baada?

#18 Futikamba
Swali zuri na sina jibu la kuandika kwenye ripoti.

#19 Mukongo wa San Diego
Bonjour wote. Sista anasema kweli, lakini aseme na upande ule mwingine. Mimi nilifika hapa mkimbizi, nikawekwa City Heights. Pale kulikuwa na mradi wa redevelopment, wakajenga kituo cha polisi, maktaba, shule, vyote karibu karibu. Watoto wangu Kiingereza wamejifunzia ndani ya ile maktaba. Tena sheria ilikuwa inalazimisha asilimia 20 ya ile pesa iende kwa nyumba za watu wa kipato kidogo. Walipoua wakala, na ile 20 ikaenda. Leo kodi ya nyumba hapa, mayo wee.

#20 Kalamu ya Risasi
Mukongo umegusa kidonda. Ni kweli, chanzo hicho cha nyumba za bei nafuu kilikauka ghafla na hakikupata mbadala wa ukubwa ule kwa miaka.

#21 Chumvi Nyingi
Bado naona mnazunguka. Kwa nini MJI ununue? Si wapige mnada tu, mwenye hela achukue?

#22 Mti Mkavu
Sababu ni kudhibiti. Mnada ukileta tajiri wa mbali, anaweka fensi mpya juu ya fensi ya zamani na kusubiri bei ipande. Mji ukiwa na hati, unachagua nani ajenge na nini.

#23 Sista Oakland
Au unakwepa sheria ya ardhi ya ziada. Ofisi ya umma ikitaka kuuza ardhi isiyoihitaji, lazima kwanza iwatangazie wajenzi wa nyumba za bei nafuu, wana siku 60 za kuonyesha nia, halafu siku 90 za mazungumzo. Mji ukinunua wenyewe unajipitisha pembeni.

#24 Kalamu ya Risasi
Sista hapo nakupinga. Sheria hiyo haifi kwa sababu mji umenunua. Siku mji nao ukitaka kuuza, inawasubiri mlangoni. Uulize mji wa Anaheim. Walitaka kumuuzia mwenye timu ya Angels uwanja wa beseboli na maegesho yake, dola milioni 320 kwenye karatasi. Jimbo likasema mmeruka sheria, wakakubali kuweka milioni 96 kwa ajili ya nyumba, halafu Mei 2022 ikajulikana FBI wanamchunguza meya na dili zima likafa.

#25 Mzee wa Mikocheni
Mfano mzuri ila Anaheim haikuwa ardhi ya redevelopment, ile ilikuwa mali ya mji moja kwa moja. Mfano wa karibu zaidi ni San Jose. Wakala wao alikusanya viwanja karibu na stesheni ya Diridon ili timu ya beseboli ya Oakland A's ije kujenga uwanja. A's hawakuja. Wakala akafa. Viwanja vikabaki kwa mrithi, na mwisho wa yote vikaenda kwenye mpango wa Google. Kisha 2023 Google nao wakasimamisha ujenzi. Ardhi ya stesheni ile imeolewa mara tatu na bado ipo kwao.

#26 Kitasa
🤣🤣 imeolewa mara tatu

#27 Mti Mkavu
Kuna jambo hamjalisema. Miji yenyewe ilijiharibia. Mapema 2011, gavana alipotangaza nia yake, miji ikaanza kuhamisha hati haraka haraka kutoka kwa wakala kwenda kwa mji ili siku ya kifo marehemu akutwe hana kitu. Mdhibiti wa hesabu wa jimbo akapita akiamuru kila kilichohamishwa baada ya 1 Januari 2011 kirudishwe. Baada ya hapo nani atakuamini ukisema "tupeni bure, ni kwa faida ya umma"? Ndiyo maana sasa kila kipande kinatakiwa kitajwe kwenye mpango wa mali, bodi ya usimamizi ya kaunti iupitishe, na Idara ya Fedha ya jimbo nayo itie mkono.

#28 Kalamu ya Risasi
Kweli tupu. Niongeze, si kila kitu kinanunuliwa. Bustani, barabara, kituo cha zimamoto vinahamia kwa mji bila malipo kwa kuwa ni matumizi ya serikali. Ugomvi ulikuwa kwenye paking. Mji unasema paking ni huduma, jimbo linasema paking ni biashara. 2015 wakapatana: paking ihamie bure kama mapato yake hayazidi gharama stahiki za kuitunza.

#29 Chumvi Nyingi
Paking isiyo na faida! Waje Mombasa mjini niwaonyeshe vijana wa paking.

#30 Ndala Nyekundu
Kalamu, nipe hesabu ya mtoto wa darasa la tano. Mji ukilipa, unaumia kiasi gani?

#31 Kalamu ya Risasi
Tuseme bei ni dola 1,000,000 na madeni ya wakala yana chanzo kingine. Mji unatoa milioni. Kaunti inagawa kwa uwiano wa kodi ya majengo. Kama mji wako unakula senti 15 kwa kila dola, 150,000 inarudi kwake. Kwa hiyo kiwanja kimeugharimu 850,000. Sehemu kubwa ya iliyobaki inakwenda shule na kaunti.

Sasa utamu: shule zinahesabiwa kiwango chao na jimbo. Kodi inayopata wilaya ya shule ikipanda, jimbo linapunguza mchango wake. Kwa hiyo anayepumua hapo kwa kiasi kikubwa ni hazina ya Sacramento. Mwalimu wa mtoto wako hataona chaki mpya.

#32 Sista Oakland
Ndo nilichokuwa nasema! Wanatuambia "ni kwa ajili ya shule" kumbe ni kwa ajili ya bajeti.

#33 Mti Mkavu
Sista hukuwa unasema hivyo, ulikuwa unasema sheria ya ardhi ya ziada.

#34 Sista Oakland
Nilikuwa naelekea huko.

#35 Futikamba
Na msisahau kiwanja kikiwa cha mji hakilipi kodi ya majengo. Angenunua mtu binafsi na akajenga, shule zingekula kila mwaka. Hapa zimekula mara moja.

#36 Mti Mkavu
Ikiwa angejenga. Rudi #22.

#37 Mzee wa Mikocheni
Mimi nina nadharia rahisi. Katiba ya California inakataza kutoa mali ya umma kama zawadi. Mwanasheria wa mji anaogopa kushitakiwa, akiwa na ripoti ya mthamini mkononi analala usingizi. Bei ya soko ni chandarua cha mwanasheria. Mengine yote mnayosema yanafuata baadaye.

#38 Kalamu ya Risasi
Mzee, hiyo ingekuwa hoja kama mnunuzi ni mtu binafsi. Umma kwa umma, kwa shughuli ya umma, haihesabiki zawadi kirahisi hivyo. Kinachobana ni sheria ya kufilisi mawakala.

#39 Mzee wa Mikocheni
Mwanasheria muoga hana "kirahisi hivyo", kijana.

#40 Bi Mkubwa wa Pugu
Huyo aliyekuwa na duka pale kwenye vigae vya kijani alikwenda wapi?

#41 Ndala Nyekundu
Bi Mkubwa shikamoo. Nilimuuliza yule bibi wa Kimexico tulipotoka nje. Yeye yupo hapa tangu miaka ya 70. Anasema ilikuwa familia, mume na mke, mke alikuwa anashona vifungo dirishani. Wakalipwa, wakahamia kwa binti yao mji mwingine. Kiasi hajui. Dobi likavunjwa ili ijengwe hoteli. Hoteli haikuja.

#42 Bi Mkubwa wa Pugu
Marahaba mwanangu.

#43 Kitasa
Vipi kuhusu ile taa ya barabarani?

#44 Ndala Nyekundu
Nilipewa dakika tatu. Wamesema wataifuatilia. Bado giza.

#45 Chumvi Nyingi
Wangekuwa wanaiuziana ingeshawaka.

#46 Kalamu ya Risasi
Ndala, fuatilia bodi ya usimamizi ya kaunti. Tangu 1 Julai 2018 kila kaunti ina moja inayoshughulikia mawakala wote, isipokuwa Los Angeles wana tano. Kura ya madiwani haimalizi mambo. Kikao cha bodi ni cha wazi na kwa kawaida hakina watu, utakaa mbele.

#47 Ndala Nyekundu
Nitaomba ruhusa kazini. Nikienda naleta mrejesho.

#48 Dalali Msomi Tegeta
Habari za humu wakuu. Sijasoma uzi wote. Kiwanja bado kipo? Nina mteja ana hela mkononi.

#49 Kitasa
Kipo California mkuu.

#50 Dalali Msomi Tegeta
Sawa. Kina hati au ni cha serikali ya mtaa?